Babu wa Gunzi

Sitaandika jina la mtu humu. Si kwa kuogopa. Woga wangu niliumaliza zamani. Ila ukimwandika mtu jina, mwanawe atalisoma, na mwanawe hakunikosea. Kwa hiyo nitawataja kwa walivyokuwa kwangu: shemeji, mganga, mwenyekiti, jirani. Wenyewe watajijua. Mimi niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyosema, na anayetaka Kiswahili cha tai na koti akatafute kwa wengine.

Nakaa Isevya, hapa Tabora mjini. Nina chumba kimoja na uwanja, na huo uwanja ndio kila kitu. Asubuhi akina mama wanaouza mboga na dagaa kule Mtendeni wananipitishia watoto wao, wale ambao bado umri wa shule haujafika, na jioni wakirudi wanawachukua. Sina ubao, sina zile picha za ukutani za a e i o u. Nina magunzi, vifuniko vya soda, vibuyu vilivyopasuka, tairi la pikipiki, udongo wa kichuguu ambao ukiumwagia maji unafinyangika vizuri, na kapu la vipande vya vitambaa anavyonipa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Fundi huyo ni Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi. Sisi ni watani, kwa hiyo hajawahi kunipa kitambaa bila tusi.

"Pokea, punda wa babu yangu," ananiambia. "Mlitubebea mizigo mpaka pwani, leo nakubebesha viraka."

"Sisi mzigo tuliufikisha," namjibu. "Nyie mliupokea mkaucheza ngoma wote ukaisha. Ndiyo maana umenifuata huku kunishonea."

Utani huu tumeurithi. Ulizaliwa njiani, enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakikutana na babu zao, wakigombana na kupatana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kununa. Na kwenye msiba ndipo ana kazi hasa, nitafika huko.

Aliyenifundisha kulea watoto kwa namna ninayowalea ni dada mmoja wa ustawi wa jamii, binti mdogo tu, aliyekuwa akipita kukagua vituo vya mitaani. Nilidhani amekuja kunifungia. Akakaa juu ya tairi, akawatazama watoto wakipika maandazi ya udongo, akaniambia, "Mama, usiwaambie watengeneze nini. Wape vitu, halafu uliza: hapa kuna nini? Kisha nyamaza usikilize."

"Na kusoma je?"

"Kusoma watasoma. Kwanza waache wawaze."

Nilicheka kimoyomoyo, lakini usiku sikuacha kuyafikiria maneno yake. Maana mimi nilipoanza shule nilichora ng'ombe mwenye miguu sita, mwalimu wa darasa la kwanza akanichapa mikono mpaka nikashindwa kushika kijiko. Sikuwa mjinga. Ng'ombe yule alikuwa anakimbia, na ng'ombe akikimbia miguu inaonekana mingi. Mwalimu hakuuliza. Namtaja naye, ingawa ubaya wake ni mdogo ukimlinganisha na wanaofuata.

Basi nikaanza kuuliza. Hapa kuna nini? Hapa kuna treni ya Kigoma, bibi, usikanyage reli. Hapa kuna nini? Hapa kuna hospitali, kuku ameumwa meno. Kuku ana meno? Ndiyo maana anaumwa. Nilikuwa nageukia ukutani nicheke, wasidhani nawacheka wao.

Kabla ya Isevya nilikuwa mke wa mtu, kijijini, kando ya ile njia ya zamani ya misafara inayokwenda magharibi. Tulilima tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwenye bani, kibanda cha udongo chenye moto ambao hautakiwi kuzimika, na wa kuukalia moto huo nilikuwa mimi. Moshi wake uliyafanya macho yangu kuwa mekundu, na mpaka leo yako hivyo. Mume wangu alipofariki kwa maradhi, shemeji yangu, mdogo wake wa tumbo moja, akalitaka shamba. Hakusema analitaka shamba. Alikwenda kwa mganga, akarudi na maneno kwamba kaka yake alirogwa, na macho ya mjane yanajieleza yenyewe. Mganga hakuwahi hata kuniona, lakini macho yangu aliyajua. Walinijia mchana kweupe, siku ya gulio, watu wamejaa njiani, na panga. Kovu liko begani, nalifunika kwa kanga. Nilikimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, redio yake inasema ndani, akamtuma mkewe aje kuniambia hayupo. Huyo mama simtaji kwa ubaya. Alisema hayupo kwa sauti, kisha akazunguka nyuma akanirushia begi la bluu lenye kanga zake mwenyewe na mkate. Nikapanda lori la tumbaku nikashukia Tabora.

Begi lile nililiweka juu ya kabati. Sikulitumia kwa kitu kingine. Mtu aliyewahi kukimbizwa huwa hasahau begi lake liko wapi.

Sasa huyo mtoto. Ni wa kike, umri wa chekechea, mama yake anauza nyanya Mtendeni, baba yake anafanya kazi Mpanda. Alikuwa msemaji kuliko wote, ndiye aliyekuwa dereva wa treni. Babu yake mzaa baba akafariki kijijini, wakaenda kuzika wote. Aliporudi hakuendesha treni tena. Alikuwa anakaa pembeni na gunzi moja mapajani, ukimwita anakutazama tu.

Asubuhi moja akanijia. "Bibi, nipe kitambaa cheupe."

Nikampa. Akalivika gunzi kitambaa, akalifunga vizuri, akachukua kipande cha kibuyu akaanza kuchimba. Wenzake wakaja kumsaidia, maana kuchimba hakuna mtoto anayekukataa. Shimo likawa refu la kutosha mtoto kulala. Wakajipanga, wakalia, na wanajua kulia hao, mwingine anaweka mikono kichwani kabisa. Wakati wanataka kuliteremsha gunzi, yule mtoto akaokota fimbo, akaanza kuchechemea kama mtu mzima mwenye mguu mbovu, akajitupa ndani ya shimo akalala chali, na kwa sauti nzito isiyo yake akasema, "Hazikwi mtu hapa!"

Wakambembeleza. Akakataa. Wakambembeleza tena mpaka uji ukaiva, wakamwacha wakaenda kunywa. Alipobaki peke yake akatoka, akalirudisha gunzi kwenye kapu. Kesho yake wakaanza upya. Na keshokutwa.

Nikamuuliza kama nilivyofundishwa. "Hapa kuna nini?"

"Msiba."

"Na huyu ni nani?"

"Babu."

"Na mimi ni nani?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuweka kitu kizito. "Wewe ni wale wanaokaa. Kaa."

Nikakaa chini kando ya shimo, miguu nimeinyoosha, kama tunavyokaa msibani.

Niseme ukweli wangu, niliogopa. Sanda, shimo, mtoto kalala ndani, na pembeni mwanamke mwenye macho kama yangu. Nilijua yanavyoonekana. Ulimi ulikuwa unanichezacheza niwaambie, jamani chezeni treni. Lakini nikamkumbuka yule ng'ombe wa miguu sita, nikanyamaza. Mtoto alikuwa na jambo lake humo shimoni na hakuwa amelimaliza.

Jirani yangu wa nyuma anafuga kuku wa kisasa. Alishamwambia mwenye nyumba, nami nikiwa nasikia, kwamba uwanja wangu ungefaa sana kwa mabanda. Siku hiyo akapenyeza simu kwenye tundu la uzio wa bati, akapiga video. Sauti ya watoto haikusikika, iliyosikika ni ya kuku wake. Kilichoonekana ni mtoto ndani ya shimo, kitambaa cheupe, na mimi nimekaa kimya. Akarusha kwenye grupu la mtaa na maneno yake juu: wazazi, njooni mwone mwalimu wenu anavyowazoesha watoto kaburi, na mumtazame macho. Shemeji alihitaji mganga. Huyu alihitaji bando tu.

Mimi simu yangu ni ya tochi, sikujua kitu. Nilishangaa tu akina mama wanafika mapema, wananyakua watoto, hakuna salamu. Mama wa yule mtoto alifika wa mwisho, anahema, bado ana nyanya kwenye beseni. Akaniwekea video mbele ya uso.

"Mama, mimi nilikuachia mwanangu."

"Ni mchezo, mwanangu. Wanacheza msiba."

"Mchezo gani wa kumlaza mtoto kaburini? Tangu tumezika hali, hasemi, kumbe huku..." Hakumaliza. Akamvuta mtoto mkono wakaondoka, na nyanya nyingine zikadondoka mlangoni kwangu. Niliziokota nikazipanga dirishani, nikisubiri atazirudia.

Asubuhi hakuja mtoto hata mmoja. Nilipika uji vilevile, sufuria ileile, mkono umezoea. Ukapoa. Nikampigia yule dada wa ustawi, hapatikani, alikuwa vijijini kusikokuwa na mtandao. Kijana wa mwenyekiti wa mtaa akaja kuniambia mwenyekiti atafika alasiri na nisitoke. Nikasema ahsante. Mimi wenyeviti nawajua. Nikaingia ndani nikaliteremsha lile begi la bluu, nikalipangusa vumbi, nikatia kanga zangu. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe, kama imesubiri. Nilichokuwa nakiwaza ni kitu kimoja: safari hii sina umri wa kuanza tena.

Alasiri walijaa. Wengine juu ya tofali wanachungulia, wengine wamesimama barabarani kana kwamba wanapita. Mwenyekiti akaja na kiti chake cha plastiki, mtu mnene, mpole wa uso, akakiweka katikati ya uwanja.

"Shikamoo, mama," akasema. Sikuitegemea.

"Marahaba."

"Haya. Aliyerusha video aseme."

Jirani akasema. Alisema vizuri sana, utadhani anasoma. Kwamba yeye hana ubaya na mtu. Kwamba watoto ni wetu sote. Kwamba mtu huulizwa alikotoka aliondokaje. Hapo watu wakanong'ona, na mimi nikahisi kovu linawaka.

"Mama, na wewe," akasema mwenyekiti.

Nikavuta kanga nikalifunika bega. Kule kijijini hakuna aliyeniuliza.

Wakati huo mama muuza nyanya alikuwa amesimama karibu na lango, kamshika mtoto. Mtoto akajichomoa. Hakumtazama mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye kapu, akalitoa gunzi lake na sanda yake, akaliweka kando ya shimo. Akaokota fimbo.

"Mwone, mwone!" akasema jirani. "Si nilisema? Ameshatiwa kitu!"

"Mwache," akasema mwenyekiti.

Mtoto akachechemea. Akalizunguka shimo akigonga fimbo, akatikisa kidole kwa watu wazima wote pale, akajitupa ndani, akalala, akatoa ile sauti nzito: "Hazikwi mtu hapa! Mzee huyu alikuwa mchoyo, leo ndiyo siku yangu! Mpaka nipewe jogoo!"

Nyuma ya umati mtu akacheka. Si kucheka kwa kawaida, kucheka kwa kupaliwa. Watu wakageuka. Alikuwa fundi cherehani, futi bado inaning'inia shingoni, anajikongoja kwa mguu wake mmoja mbovu kuja mbele, akijipigapiga kifua.

"Jamani! Jamani, huyo ni mimi!"

"Wewe ni nani tena?" akauliza mwenyekiti.

"Huyo ndani ya shimo! Ndiye mimi!" Akajifuta machozi kwa futi. "Mzee wa watu alikuwa mtani wangu. Makoti yake yote nimeshona mimi. Nilikwenda kumzika, si nikaingia kaburini nikalala? Nikawaambia Wanyamwezi, mzee wenu haingii humu, alikuwa mchoyo, nipeni jogoo. Walinipa, nikatoka, tukazika. Na huyu," akamwonyesha mtoto, "alikuwa mabegani kwa baba yake, kanitolea macho. Nilidhani ananiogopa. Kumbe ananisoma!"

Nilisikia uwanja mzima unapumua. Mwanamke mmoja akasema, "Hata kuchechemea amekuweza," mwingine akasema, "Kakushinda," na kicheko kikapita ukutani mpaka barabarani.

Mama wa mtoto hakucheka. "Mimi sikuona," akasema polepole. "Mkwe mimi, nilikuwa jikoni na masufuria. Sikufika makaburini." Akachuchumaa kando ya shimo. "Mwanangu. Kwa nini unalala wewe humo kila siku?"

Mtoto alijibu kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo. "Nikitoka watamfukia babu."

 

"Lakini mimi nilitoka, mtani," akasema fundi.

"Wewe walikupa jogoo. Mimi hawanipi. Wananipa uji."

Fundi akatazama huku na huku. Kisha akainama kwa shida, akaokota gunzi jingine, akachagua kwenye kapu kipande chekundu, akakifunga kichwani mwa gunzi kikasimama kama upanga wa jogoo. Akamnyooshea.

"Huyu hapa. Anawika alfajiri. Usimchinje, bado mdogo."

Mtoto akamgeuza, akamkagua. "Hana miguu."

"Ameatamia."

"Jogoo haatamii."

"Huyu wa Kizaramo," nikasema mimi. Sijui ilitoka wapi. "Kwao mabibi wanacheza ngoma, majogoo ndio wanabaki na mayai."

Kicheko kilichopasuka hapo sijakisahau. Fundi akanitukana tusi ambalo siliandiki, nami nikalipokea kama maji. Na mtoto akatabasamu, akampakata jogoo wake, akanyoosha mkono kwa mama yake, akatoka shimoni.

Walimzika babu wa gunzi alasiri ile. Mtoto alimwaga udongo wa kwanza mwenyewe. Mama mmoja akaanza pambio, akaona aibu akanyamaza, wengine wakalidaka. Mama muuza nyanya alilia kilio ambacho nadhani kule jikoni hakukipatia nafasi. Mimi nilikaa palepale nilipoambiwa nikae.

Mwenyekiti akamgeukia jirani. "Futa."

"Mimi nilikuwa naogopea watoto tu, mwenyekiti."

"Futa, halafu urushe nyingine iliyokamilika, ya mtani na jogoo. Na mabanda yako yabaki yalipo."

Akafuta. Pole hakunipa, mpaka leo hajanipa, na kuku wake bado wananiharibia usingizi. Namtaja naye hapa, jirani wa nyuma, ili orodha yangu ikamilike. Lakini niandike pia kwamba mwenyekiti huyu alikuja. Alipokuwa anainua kiti chake aliiona sufuria jikoni, akauliza, "Mama, uji huo wa nani?"

"Wa watoto."

"Wapashie moto basi, wapo."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake, na akaondoka.

Jioni mama muuza nyanya alirudi kuchukua nyanya zake dirishani. Akasimama, akasema, "Mama, kesho nimlete saa ngapi?" Nikamwambia saa zilezile. Akaacha nyanya dirishani, akasema za mboga yangu. Niliingia ndani nikajilaza, na mwili ulikuwa mwepesi mpaka nikashika ukingo wa kitanda.

Asubuhi nilikuta lile begi bado liko mlangoni, limefungwa. Nikatoa kanga zangu nikazitundika. Nilitaka kulirudisha juu ya kabati, mkono ukakataa. Nikalitia kwenye kapu la watoto pamoja na magunzi.

Walipofika walilivamia. Kwanza lilikuwa mamba. Baadaye kidogo nikasikia kelele, nikatoka, vifuniko vya soda vimepangwa mistari miwili kukatiza uwanja mzima, tairi liko mbele, na yule mtoto amekalia tairi na jogoo wake, anapuliza honi kwa mdomo. Dereva amerudi kazini. Begi la bluu liko kichwani kwa abiria.

"Hapa kuna nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa naona.

"Treni ya Kigoma! Bibi, upo kwenye reli!"

Nikaruka reli.

"Unasafiri?"

"Hapana," nikasema. "Mimi nakaa hapahapa."

Akafikiri, akanipa gunzi na kibuyu.

"Basi uza karanga hapo stesheni. Na upige kelele, abiria wasikie."

Nikauza karanga. Nikapiga kelele mpaka fundi akatoka kibandani kwake kuuliza Wanyamwezi leo wamepatwa na nini.